Stakabadhi ya Nkungwe

Langoni karani ananiuliza: mgeni au mwenyeji?
Namwambia, andika mpagazi.
Kitabu chake hakina safu hiyo.
Anachora mstari pembeni, ananiweka hapo:
Kashindi, kilo ishirini, siku tatu.

Mbele anatangulia askari Nestori, Muha wa Kasulu, na bunduki ya nyati.
Nyuma yake Mbelgiji na mkewe, magoti ndani ya bandeji.
Nyuma yao mimi na hema, sufuria, unga,
na chini ya unga, ndani ya kipande cha kaniki,
kitu cha bibi
ambacho sikukitaja kwenye mzigo.

Msitu wa chini una joto la mdomo.
Mizizi imelala njiani kama watu wa matanga.
Tunafika Kasiha, Mbelgiji anasema:
pori tupu, halijawahi kuguswa!
Namtazama mchikichi.
Mchikichi haukupanda mlima wenyewe, bwana.
Kuna mtu aliumwagilia ungali mche,
kuna mtu alipaka mawese yake kichwani mwa mtoto.
Na hapo unapofungia kiatu
ni figa. Lingine lile, kwenye majani.
La tatu sijaliona bado.

Bibi Mwavita alizaliwa hapa mwaka wa nzige,
akahama mwaka wa boti:
kuku miguu imefungwa, mlango wa nyumba kichwani
kwa sababu mbao ilikuwa mninga na mume aliichonga mwenyewe.
Walituambia mbele kuna shule na zahanati, alisema.
Ni kweli, zilikuwepo. Usije ukasema nilidanganywa.
Ila hakuna aliyenikumbusha
kuwa mlima haupandi boti.

Juu ya mlimau, sokwe mzee ameketi.
Anamenya limau kwa meno, anakunja uso, anachuma lingine.
Nestori ananong'ona: barakoa. Mita kumi.
Tunaziba midomo tusimwambukize mafua.
Mke wa Mbelgiji analia kwa furaha.
Machozi yananijia na mimi,
lakini yangu yana wivu ndani yake:
mlimau ule bibi aliupanda kwa ajili ya migebuka ya kuchoma,
na yule bwana juu
hajakata stakabadhi.

Siku ya pili, mianzi.
Inagongana kama wapishi wanaohesabu sahani.
Ukungu unatoka ziwani, unatupita bila kuhema.
Kwenye mianzi usipige mluzi, bibi alinionya,
mlima unasikia.
Mbelgiji akapiga mluzi.
Mvua ikanyesha.
Sisemi ni kwa sababu hiyo. Ilikuwa Oktoba.

Kileleni, nyasi na upepo, basi.
Kifaa cha Mbelgiji kinasema elfu mbili mia nne sitini na mbili.
Ng'ambo, milima ya Kongo, rangi ya moshi.
Chini, Tanganyika, imekunjamana kama shuka la mgonjwa
aliyeamka akatoka nje.
Wananipa simu niwapige picha. Nawapiga.
Kichwa cha bwana kimekatika kidogo, sikuwaambia.

Kisha nakwenda upande wa magharibi, nafungua kaniki.
Komeo.
Mlango wenyewe mchwa waliumaliza zamani, kule Lagosa,
lakini mkono wa bibi uliendelea kulitafuta kila magharibi,
kulisukuma hewani, kufunga nyumba.
Usiliache Kasiha, alisema, Kasiha hakuna mlango.
Lipeleke juu. Aliyebaki nyumbani ni yeye.

Nestori ameniona.
Sheria anaijua, ameisoma mbele ya wageni jana asubuhi:
hakiachwi kitu.
Ananitazama, anatazama komeo.
Anageuka, anainama, anafunga kamba ya kiatu.
Anaifungua. Anaifunga tena,
kiatu kile kile,
polepole.

Langoni karani anapima mzigo.
Umepungua sana, anasema.
Nasema, unga.